UZI: Leseni ya udaktari nje ya nchi, kwa madaktari wa Moshi na Arusha mnaofikiria kuondoka

Manka_wa_Rau (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mchana.

Nipo likizo nyumbani Moshi na tangu nifike simu haipumziki. Intani wa KCMC, madaktari wa Mawenzi, wengine wa Mount Meru kule Arusha, wote swali ni lile lile: "Dada, nianze na PLAB au nianze na Step?" (PLAB ni mtihani wa leseni wa Uingereza, Step ni ya Marekani.) Nimeona bora niandike hapa mara moja. Mwenye swali aulize mbele za watu, na wengine wafaidike.

MD, shahada ya udaktari, nimesomea hapa hapa Kilimanjaro, intani hapa hapa, kisha nikafanya kazi hospitali ya wilaya kabla ya kuondoka. Sasa nipo hospitali ya NHS (huduma ya afya ya serikali yao) kaskazini mwa Uingereza. Kwa hiyo nitaongelea zaidi Uingereza. Wa Marekani, Ujerumani na Uarabuni naamini wapo humu, nawaomba wachangie.

Wengi wanadhani kigingi ni mtihani. Mtihani unasomeka, na mtu aliyemaliza MD Tanzania hashindwi kusoma. Watu wanakwama kwenye karatasi kabla ya mtihani, na kwenye ajira baada ya mtihani. Nawajua vijana wenye vichwa vikali ambao hata hawajafika kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya jina tu.

Ndiyo, jina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili. Cheti cha kidato cha nne kina matatu, la katikati ni la baba. Chuo kikafuata cha kidato cha nne. Pasipoti ukaiombea kwa cheti cha kuzaliwa. Halafu ukoo: karatasi moja Kimario, nyingine Kimaro, moja Mushi, nyingine Moshi, kwa sababu karani wa siku ile aliandika alivyosikia. Hapa nyumbani hakuna anayehangaika na hilo. GMC (baraza linalosajili madaktari Uingereza) na ECFMG (taasisi ya Marekani inayohakiki madaktari waliosomea nje) wanahangaika nalo sana, maana kwao jina likitofautiana huyo ni mtu mwingine mpaka uthibitishe. Dawa yake ni deed poll (hati ya kubadili jina) kwa wakili, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, kisha pasipoti irekebishwe ifuate vyeti vya taaluma. Fanya hivyo kabla hujafungua akaunti yoyote ya mtihani, kwa sababu ukishafungua kwa jina moja, kulibadilisha ni safari nyingine.

Kinachofuata ni uthibitisho wa shahada. GMC hawaangalii cheti chako ulichokiskani. Unakipakia kwenye mfumo wa EPIC unaoendeshwa na ECFMG, wao wanaandikia chuo moja kwa moja, chuo kinawajibu moja kwa moja. Wewe huna mlango wa kuingilia hapo. Ombi langu lilikaa chuoni muda mrefu mno (chuo sikitaji), na kila nikipiga simu naambiwa mhusika yuko semina. Kilichosaidia ni kwenda mwenyewe na namba ya kumbukumbu ya ombi imechapwa, nikakaa nje ya ofisi mpaka mhusika akaingia, tukaitafuta ile baruapepe pamoja. Ilikuwa kwenye barua taka. Nawaambia hivi ili mtu asiendelee kungoja nyumbani Pasua akidhani Wamarekani ndio wanamchelewesha.

Kuhusu cheti cha hadhi njema kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika: usikiombe mapema. GMC wanataka kisiwe kimezidi miezi 3 toka kitolewe. Watu wanakiomba mwanzoni kabisa, mpaka wafaulu PLAB 2 kimeshachacha.

Lugha: mtihani wa Kiingereza, IELTS ya Academic, jumla 7.5 na kila sehemu isipungue 7. Au OET ya madaktari, daraja B kila sehemu. Matokeo yasiwe yamezidi miaka 2. Wengi hapa wanaanguka kwenye kuandika. Mimi nashauri OET kwa sababu unaandika barua ya rufaa, kitu ambacho umeandika maisha yako yote ya intani.

Naenda kula, nikirudi naendelea na mtihani wenyewe.

Sakina_Juu

Dada Manka ubarikiwe kwa uzi huu. Naomba nikukatize kidogo. Kuna jamaa hapa Arusha ana ofisi, anasema ametumwa na NHS kukusanya madaktari na manesi wa kanda ya kaskazini. Anataka pesa ya usajili kwanza, halafu yeye atashughulikia GMC na viza. Wenzangu wawili wameshatoa. Mimi nimesita. Hii imekaaje?

Manka_wa_Rau

Sakina_Juu, usitoe hata shilingi.

Nieleze kwa nini nina uhakika. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Iliyotoka 2023 ina nchi 55, nyingi ni za Afrika, na Tanzania imo. Uingereza imeingiza orodha hiyo kwenye kanuni zake za kuajiri: hospitali na mawakala hawaruhusiwi kwenda nchi hizo kuvua watumishi. Daktari wa Moshi anaruhusiwa kuona tangazo mwenyewe mtandaoni na kuomba mwenyewe, hapo hakuna tatizo. Lakini mtu anayesema NHS imemtuma Arusha kukusanya madaktari anasema kitu ambacho NHS yenyewe imejizuia kukifanya. Na GMC haina wakala. Akaunti unafungua wewe, unalipa wewe kwa kadi, mtihani unakaa wewe. Waambie hao wenzako wadai risiti leo, na kama hana waende polisi.

Abu_Njiro

Nakazia hapo. Mimi nilifanya kazi Saudia kabla ya kurudi Arusha, na mambo ya mawakala wa Uarabuni ni hayo hayo. Mwajiri wa kweli anaweza kutumia wakala, sikatai, lakini anayelipa wakala ni mwajiri.

Kwa ufupi kuhusu Uarabuni: vyeti vinathibitishwa na DataFlow, kila karatasi kutoka chanzo chake, pamoja na barua za uzoefu wa kazi. Halafu kuna mtihani wa kompyuta, ule watu wanauita Prometric. Saudia leseni inatolewa na SCFHS. Dubai wana mamlaka yao, Abu Dhabi yao. Barua ya uzoefu ndiyo inayoua watu. Hospitali uliyofanyia kazi lazima ijibu DataFlow wakiuliza, na ikijibu tarehe tofauti na ulizojaza wewe, ripoti inatoka mbaya na inabaki hivyo kwenye mfumo. Kabla hujajaza, nenda kwa ofisa utumishi mkubaliane tarehe kwa faili.

Kingine, pengo la kazi. Ukikaa muda mrefu bila kutibu, ukisema ulikuwa unasoma mtihani, wanakuona huna mikono. Kijana aliye kijiweni anasoma tu ana shida kuliko aliye zamu Monduli.

Manka_wa_Rau

Asante sana kaka Abu. Hilo la pengo ndilo ningeliweka juu ya yote, na Uingereza ni vile vile. Mwajiri anaangalia mara ya mwisho uligusa mgonjwa lini. Msiache wodi. Kama ajira ya serikali haijatoka, kuna hospitali za misheni na za binafsi kanda hii nzima, mshahara mdogo lakini una zamu, una daktari bingwa atakayekuandikia barua ya kukudhamini.

Haya, mtihani.

PLAB 1 ni maswali 180 ya kuchagua, saa 3. Ada ni zaidi ya pauni 250. Inafanyika katika nchi mbalimbali, vituo na tarehe vinatangazwa kwenye tovuti ya GMC na nafasi zinajaa upesi. PLAB 2 inafanyika Manchester peke yake, ada ni zaidi ya pauni 900 bila ndege, malazi na viza ya kuingia kufanya mtihani. Ukifaulu ya kwanza una miaka 2 ya kufaulu ya pili, ikipita hapo unaanza upya. Kwa hiyo mtu asikimbilie PLAB 1 akiwa hana hela ya PLAB 2 mfukoni au kwenye mpango unaoeleweka.

PLAB 2 ndiyo inayotaka ubadilike. Kuna vituo 16, kila kimoja dakika 8, na dakika moja na nusu ya kusoma karatasi mlangoni. Ndani kuna mwigizaji anayejifanya mgonjwa na mtahini amekaa pembeni haongei.

Tulikuwa tunafanyia mazoezi chumbani kwa mwenzangu Longuo, jirani na KCMC, simu inahesabu dakika 8, mmoja daktari, mmoja mgonjwa. Siku moja karatasi ilisema: mama amekuja kuchukua majibu ya kinyama kilichotolewa kwenye titi, majibu ni saratani. Mimi nilikuwa yule mama. Mwenzangu akaingia, akasalimia vizuri, akaeleza ugonjwa, vipimo vinavyofuata, upasuaji, rufaa, kila kitu sahihi. Kengele ilipolia nikamwambia: "Tangu umekaa hujaniuliza naelewa nini, wala naogopa nini. Mimi nina mtoto ananyonya nyumbani na hujui." Alikaa kimya, akaomba turudie.

Kwetu benchi la wagonjwa wa nje limejaa hadi koridoni, daktari anauliza, anaandika, anaita mwingine. Simlaumu mtu, foleni ndiyo inatulea hivyo. Manchester maksi ziko kwenye kunyamaza baada ya kutoa habari mbaya, kumwacha mgonjwa alie, kumuuliza alikuwa anafikiria nini, kumpa nafasi ya kukataa matibabu na wewe ukabaki na heshima. Ukienda kule na ule utaratibu wetu wa kumwamuru mgonjwa unafeli hata kama dozi zote unazijua. Na niseme ukweli wangu: hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilichopata katika safari nzima. Naongea na wagonjwa tofauti sasa, na nikirudi hapa naona jinsi mama wa Kiboriloni anavyofurahi akiulizwa anaogopa nini.

Wenye MMed (shahada ya ubingwa) jueni pia kuna mlango mwingine. Ukiwa na MRCP kamili, mtihani wa vyuo vya mabingwa wa Uingereza, au MRCS kwa wapasuaji, GMC wanakupokea bila PLAB.

Kijenge_Step

Naomba nichangie Marekani. Mimi nimemaliza Step zote mbili, nipo kwenye kuomba nafasi.

Step 1 tangu Januari 2022 haina alama, ni kufaulu au kufeli. Watu walifurahi, lakini kwetu sisi wa nje imetubana, kwa sababu sasa wanaangalia Step 2 CK peke yake kukupima. Ile ya kumwona mgonjwa, Step 2 CS, ilifutwa 2021, badala yake ECFMG wana utaratibu wa njia mbalimbali za kuthibitisha unajua kutibu, pamoja na OET. Kila Step kwa sisi wa nje inazidi dola 1,000. Mimi nilifanyia Nairobi, nikapanda shato ya Arusha kupitia Namanga siku moja kabla, maana ni mtihani wa siku nzima na ukifika umechoka umekwisha.

Kabla ya yote hakikisha chuo chako kimo kwenye World Directory of Medical Schools na kuna maelezo ya ECFMG kukikubali. Ni dakika tano mtandaoni.

Leseni ya Marekani huipati bila kufanya residensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) kule, hata kama wewe ni bingwa wa miaka 15. Majimbo machache yameanza kulegeza, Tennessee ilipitisha sheria 2023, lakini bado ni njia nyembamba. Residensi inapatikana kwa Match, mfumo wa kuwapangia waombaji hospitali, matokeo yanatoka Machi kila mwaka. Mwaka 2025 kwa madaktari wa nje wasio raia wa Marekani walipata kama 58 kwa kila 100. Yaani zaidi ya 40 walirudi nyumbani na vyeti vyote vya kufaulu.

Na viza. Hadi 2025 wengi walikwenda kwa J-1, viza ya mafunzo. Hiyo inadai barua kutoka Wizara ya Afya ya nchi yako kusema nchi inahitaji utaalamu huo, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba viza ya kudumu, labda upate msamaha kwa kwenda kufanya kazi maeneo yenye uhaba. Mpango mmoja wa msamaha huo, unaoitwa Conrad, unatoa nafasi 30 tu kwa kila jimbo kwa mwaka. Tena masharti ya viza Marekani yanabadilika haraka. Fuatilia kabla hujalipa dola yoyote.

Soweto_Msomaji

Mkuu Kijenge_Step, Kanada je? Kaka yangu yupo Toronto anasema kuna uhaba wa madaktari mpaka watu hawana daktari wa familia.

Kijenge_Step

Uhaba upo kweli mkuu. Lakini kuomba residensi kwa mfumo wao wa CaRMS lazima uwe raia au mkazi wa kudumu tayari. Kwa hiyo wenzetu wanahamia kwanza kwa njia ya uhamiaji, wanakaa kule na udaktari wao kabatini, wanafanya kazi nyingine huku wakifanya mitihani ya MCC, baraza la udaktari la Kanada. Baadhi ya majimbo yana njia ya kumpima daktari mwenye uzoefu bila kurudia residensi, ila zinataka uwe umeshafanya kazi miaka kadhaa. Kijana wa intani asidanganywe na neno uhaba. Uhaba wa madaktari na uhaba wa nafasi za kufundishia ni vitu viwili.

Marangu_Deutsch

Ujerumani: mtihani wa kwanza ni Kijerumani, wa pili Kijerumani, wa tatu ndiyo udaktari. Unahitaji B2 ya kawaida, halafu Fachsprachprüfung, mtihani wa lugha ya kitabibu wa kiwango cha C1: unamhoji mgonjwa, unaandika barua ya daktari, unamweleza mwenzako kesi. Leseni kamili inaitwa Approbation na inatolewa na jimbo, na majimbo yako 16, kila moja lina urasimu wake. Wakiona masomo yako hayalingani na yao, na kwa sisi mara nyingi hawayaoni yakilingana, unafanya Kenntnisprüfung, wa mdomo na vitendo kando ya kitanda cha mgonjwa. Unaruhusiwa kurudia mara 2 tu.

Uzuri ni kwamba ukishapata, nafasi ya kusomea ubingwa ni ajira ya mshahara, huingii kwenye bahati nasibu ya Machi. Goethe, taasisi inayofundisha Kijerumani, wapo Dar. Mtu wa Moshi asifikiri atajifunza B2 kwa video akiwa zamu za usiku. Tafuta mwalimu, jipe mwaka na zaidi.

Mzee_Machame

Vijana nawasoma tangu mwanzo. Mimi si daktari, ni mzazi. Nauliza kwa uchungu. Tumeuza ng'ombe, tumeuza kahawa, nchi imewapa mkopo, mmejifunzia mikono kwa wagonjwa wetu sisi maskini. Sasa mnapeana ramani ya kuondoka. Huku mlimani mama akipata uchungu usiku tunamshusha kwenye pikapu. Nani atabaki?

Manka_wa_Rau

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali ambalo nalala nalo, na sitakujibu kirahisi.

Ni kweli tumejifunzia kwenu, na hilo ni deni. Lakini mzee wapo humu madaktari waliomaliza intani wanaosubiri ajira ya serikali, wanafungua tovuti ya ajira kila asubuhi. Zahanati haina daktari na daktari hana kazi, katika mkoa mmoja. Hawakuyapanga wao hayo. Mwaka 2017 Kenya ilipotoka kwenye mgomo mrefu wa madaktari, serikali yetu ilikubali kuwapelekea madaktari 500. Kesi ikafunguliwa mahakamani Kenya, mpango ukakwama, ndipo Rais Magufuli akaagiza wale 258 walioomba waajiriwe hapa nchini. Ina maana kabla ya hapo walikuwepo mtaani, tayari, na vyeti. Mimi nadhani hasira yako ina haki, ila mlango wa kuipeleka ni kwa wanaotoa vibali vya ajira.

Ninachoweza kufanya mimi nakifanya: nikirudi likizo naingia wodi niliyolelewa, nafundisha intani. Najua hakimtoshi yule mama wa usiku.

Mzee_Machame

Marahaba binti yangu. Nimekusikia. Basi mkienda msikate mguu.

Bingwa_Mianzini

Mzee ameuliza vizuri, na mimi nataka kuongeza upande ambao haujaguswa. Mimi ni mpasuaji hapa Arusha. Vijana wanaotaka ubingwa wanadhani barabara ni London au Chicago. Wakuu, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilianzishwa 1999 na makao yake ni hapa hapa Arusha. Unafunzwa ndani ya hospitali iliyosajiliwa, huku unafanya kazi, na mtihani wake ni mmoja kwa nchi zaidi ya 10. Unakata mwenyewe, unasimamiwa, idadi ya upasuaji unayofanya mwenzako wa Ulaya anaiota tu.

Kinachonisikitisha ni kwamba tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini kwetu, wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wameshasaini makubaliano ya kutambuana, lakini sisi wa binadamu ukivuka Namanga kutaka kutibu bado unahitaji leseni ya baraza la Kenya. Ningependa kuona MAT, chama chetu cha madaktari, inalipigia kelele hili kama inavyopigia kelele posho za intani.

Rudi_Kutoka_Guangzhou

Mbona mnaongelea wanaotoka tu? Sisi tuliosomea nje na kurudi pia ni madaktari wa nje, ila kwetu wenyewe.

Nimesoma China, darasani Kiingereza, wodini wagonjwa Kichina. Nikarudi na shahada, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) waitambue kwanza, halafu Baraza la Madaktari, mtihani, ndipo intani. Sina ugomvi na mtihani, ni haki ya mgonjwa kujua anayemtibu amepimwa. Kilichoniuma ni namna ya kupokelewa. Hospitali niliyopangiwa (siitaji) bingwa mmoja alikuwa ananiita "wa Uchina" mbele ya wagonjwa, na mgonjwa akisikia hivyo hataki umguse. Malaria kali nilikuwa nimeiona kwenye kitabu tu, ndiyo. Nilijifunza kutoka kwa manesi wa zamu ya usiku na nikaimudu. Na wenzetu waliokuwa Ukraine 2022 vita ilipoanza, wengine walirudi na nusu ya masomo, wakaanza kuzunguka na transkripti kutafuta chuo cha kuwapokea.

Kwa wazazi mnaotaka kumpeleka mtoto nje kusoma udaktari: waulizeni Baraza na TCU kuhusu chuo hicho kabla ya kulipa ada, msimuulize wakala wa chuo.

Manka_wa_Rau

Pole sana kaka. Na unajua, ulivyoitwa "wa Uchina" ndivyo sisi tunavyoangaliwa kule wiki za mwanzo. Unasikia mtu anauliza "amesomea wapi huyu?" kabla hajauliza jina lako. Uliyoyapitia yanafanana kabisa na yetu.

Nimalizie la ajira ambalo nililigusia mwanzo.

Ukishapata usajili wa GMC unaanza kuomba kazi mwenyewe, na hapa ndipo hali imebadilika sana miaka hii. Zamani aliyefaulu PLAB alipata kazi upesi. Sasa tangazo linafungwa kabla ya tarehe yake kwa sababu maombi yamefurika. Nafasi za kusomea ubingwa mwaka 2025 ziligombewa na watu zaidi ya 30,000, nafasi zenyewe takriban 13,000. Na mpango wa miaka 10 wa NHS uliotolewa Julai 2025 umesema wazi kwamba wahitimu wa vyuo vya Uingereza, na madaktari waliokwisha kufanya kazi NHS muda wa kutosha, watapewa kipaumbele, na kwamba kufikia 2035 kuajiri kutoka nje kushuke chini ya asilimia 10. Mtu anayeanza leo ajue anaelekea kwenye mlango unaofungwa taratibu. Sisemi usiende. Nasema usiuze kiwanja cha urithi kwa ajili ya PLAB.

Mwenye nafasi nzuri zaidi ni yule mwenye uzoefu wa miaka miwili mitatu, aliyefanya ukaguzi wa huduma (kupima kama kazi inafuata viwango) wodini kwake na kuuandika, na anayeweza kueleza kwenye usaili kesi aliyosimamia mwenyewe. Hospitali ya wilaya inakupa hivyo vyote.

Na jiandae moyo. Hapa umefanya upasuaji wa uzazi usiku, wewe na mtu wa usingizi na nesi mmoja, mama na mtoto wakatoka salama. Kule miezi ya kwanza unatoa damu, unaandika muhtasari wa wagonjwa wanaoruhusiwa, na kila uamuzi unampigia rejista, daktari wa ngazi ya juu yako. Wapo waliorudi kwa sababu hiyo na siwacheki. Nilivumilia kwa sababu nilitaka kujifunza mfumo, na rejista wangu alikuwa Mnigeria aliyepitia hayo hayo, akawa ananiita kila kukiwa na kitu cha kujifunza.

Viza yenyewe ikishafika hapo si ngumu: ya watumishi wa afya ni nafuu kuliko nyingine, ila lazima upime TB kwanza kwenye kliniki waliyoiteua, msisahau.

Intani_Pasua

Dada, la mwisho naomba. Namaliza intani mwezi ujao. Nimepata mkataba wa mwaka mmoja hospitali ya misheni Karatu, hela si nyingi. Na nina hela ya PLAB 1 niliyodunduliza. Wenzangu wanasema nikae nyumbani nisome miezi sita nipige mtihani. Halafu mkopo wa bodi unanitisha, nikiondoka itakuwaje?

Manka_wa_Rau

Mdogo wangu, nenda Karatu. Saini mkataba, ripoti kazini, na mwezi wa kwanza usifungue kitabu cha PLAB kabisa. Ukishazoea zamu, soma saa moja kila siku ukiwa hauko zamu, ufanye OET kwanza, na umwombe daktari wako mkuu akuruhusu kufanya ukaguzi mmoja wa huduma, hata wa kunawa mikono wodi ya watoto. Hela ya PLAB 1 iache benki mpaka ya PLAB 2 iifuate.

Mkopo: ukiajiriwa hapa bodi wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ukiwa nje deni halifutiki, unajilipia mwenyewe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mimi nalipa kila mwezi. Pitia ofisi yao ya kanda Arusha kabla hujaondoka nchini, uchukue taarifa ya deni lako ikiwa imechapwa, uweke kwenye faili moja na vyeti.